Taa inawaka, simu haichaji: je, upepo haufai?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa klabu ya sayansi, tunachunguza kama upepo unafaa kuwa nishati jadidifu ya kutegemewa. Tumetengeneza kinu kidogo cha mapanga sita, kila panga sm 20, tukakifunga kwenye mota ya gari la kuchezea. Tukikiweka kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde tunapata volti 3 na taa ndogo ya LED inawaka vizuri tu, lakini simu haichaji hata tukiweka kile kisakiti cha kupandisha volti mpaka 5. Wenzetu wengine wanataka tuandike kwenye ripoti kwamba upepo haufai. Tuandike?

JIBU: Marahaba wanangu. Hapana, msiandike hivyo, maana mlichopima si nguvu ya upepo. Hizo volti 3 mmezisoma mota ikiwa haina lodi yoyote (yaani kitu kinachotumia umeme wake), na mita ya kupimia volti haivuti umeme wa maana, kwa hiyo namba inaonekana nzuri halafu mkiunganisha kitu kinachokula umeme kweli volti zinaporomoka. Chukueni rizista (kile kipande kidogo kinachopinga umeme kupita), iunganisheni na mota, pimeni volti na ampea kwa wakati mmoja kinu kikiwa kinazunguka, zidisheni, hapo ndo mtapata wati. Halafu badilisheni rizista, ndogo, ya kati, kubwa, mtaona kuna moja inayotoa wati nyingi kuliko zingine, hiyo ndo namba ya kuandika kwenye ripoti.

Sasa turudi kwenye simu. Mapanga ya sm 20 yanafagia duara la mita za mraba 0.126 hivi. Nguvu ya upepo unaopita hapo ni nusu ya uzito wa hewa (karibu kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo) mara eneo la duara mara kasi ya upepo kwa kipeo cha tatu. Pigeni hesabu kwa kasi yenu ya mita 4, mtapata kama wati 5 na huo ni upepo wote, haujaguswa na mtu. Na wote hamuwezi kuuchukua, Mjerumani Albert Betz alishaonyesha mwaka 1919 kwamba kinu hata kiwe bora vipi hakivuki asilimia 59.3, kwa sababu ukiichukua nguvu yote hewa itasimama nyuma ya mapanga na hewa mpya itakosa pa kupita. Zinabaki karibu wati 3, bado mota ya kuchezea haijala fungu lake, na simu nyingi zinataka wati 5 kwenda juu. Kisakiti cha kupandisha volti hakiongezi wati hata moja, kinapandisha volti kwa kupunguza ampea. LED yenyewe inatosheka na sehemu ndogo sana ya wati ndo maana inawaka. Kwa hiyo kinu chenu hakina kosa, ni kidogo tu, na hii hesabu iwekeni kwenye ripoti maana ina thamani kuliko hata kama hiyo simu ingechaji.

Kitu ninachowaomba mkikazanie zaidi ni hicho kipeo cha tatu. Kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nane, si mara mbili! Ripoti nyingi zinaandika wastani wa kasi ya upepo basi zinafunga mjadala, wakati wastani unaficha mambo. Chukueni sehemu mbili, ya kwanza upepo ni mita 6 kwa sekunde muda wote, ya pili nusu ya muda ni mita 3 na nusu nyingine ni mita 9. Wastani ni uleule, 6. Lakini 6 kwa kipeo cha tatu ni 216, na ile ya pili mkijumlisha 27 na 729 mkagawa kwa mbili mnapata 378, yaani upepo wa sehemu ya pili umebeba nishati mara 1.75 ya ile ya kwanza. Ndo maana andikeni kasi saa kwa saa, kwa siku nyingi mnavyoweza, na kipima upepo kikae juu mbali na ukuta na miti, maana hivyo vinavuruga upepo mpaka mbali sana nyuma yake.

SWALI: Mbona mitambo mikubwa ina mapanga matatu tu na chetu cha sita kinazunguka vizuri kuliko tulivyojaribu matatu?

JIBU: Mapanga mengi yanasaidia kuanza kuzunguka upepo ukiwa mdogo, na mota ndogo huwa na ukaidi wa kuanza, kwa hiyo matokeo yenu ni ya kweli. Vile vinu vya zamani vya kuvuta maji kisimani vilikuwa na mapanga mengi kwa sababu hiyohiyo. Umeme unataka mwendo wa haraka. Mdenmarki Poul la Cour, ambaye alikuwa mwalimu kama walimu wenu, alijenga kinu cha umeme kwenye shule ya Askov mwaka 1891, akapima maumbo mbalimbali na kuona mapanga machache yanayokwenda kasi yanafaa zaidi kwa umeme. Jaribuni tena matatu mkiwa na lodi na upepo wa kasi zaidi, na mbadilishe kitu kimoja kimoja, mkibadilisha idadi msiguse pembe ya mapanga.

SWALI: Na upepo ukitulia?

JIBU: Umeme unakatika kwenye mtambo huo, ndiyo, na hata ukizidi sana, mitambo mingi mikubwa hujizima kwenye mita 25 kwa sekunde hivi isije ikavunjika. Lakini Denmark miaka ya karibuni inapata zaidi ya nusu ya umeme wake kwenye upepo, na nyaya zake zimeungana na Norway na Sweden wenye maji mengi ya kuzalisha umeme, siku ya upepo inawauzia, siku ya utulivu inanunua kwao. Kwa hiyo kwenye ripoti yenu wekeni jedwali la saa ambazo upepo wenu ulikuwa chini ya mita 3 kwa sekunde, na pembeni yake andikeni saa hizo jua lilikuwepo au halikuwepo, ili muone kama umeme wa jua ungeweza kuziba pengo.