Fundi Anajibu: mitandio inayogoma kupindika, kanga, na ule mguu unaovunja sindano

Mwezi huu maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, pembeni ya kitambaa. Nahisi ni kwa sababu siku hizi miguu ya cherehani, vile vyuma vinavyokandamiza kitambaa pale sindano inaposhukia, inauzwa seti nzima kwenye kiboksi cha plastiki, mtu ananunua, anafika nyumbani anakuta vidude vimejaa na karatasi ya maelezo hakuna, au ipo ila ni ya Kichina. Siwezi kuvimaliza vyote kwa mara moja. Nimechukua maswali manne, la kwanza ndo refu maana mlioliuliza ni wengi.

Shikamoo fundi. Nashona mitandio ya shifoni nauza hapa Tanga, natumia cherehani ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Zamani nilikuwa nakunja kwa vidole mara mbili afu nashona, kazi inachukua muda mpaka nachoka, nikanunua ule mguu wa kupindia wenye kichuma kilichojikunja mbele. Sasa mwanzo unakataa kabisa kitambaa kinajazana chini ya sindano, nikifika katikati upindo unafunguka nyuzi zinachungulia, na kona ndo usiseme. Mguu ni mbovu au mimi ndo sijui? Afu watu wananiambia niuze hii Butterfly nichukue ya umeme.

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hilo la mwisho: usiuze. Kwa kazi ya mitandio hiyo Butterfly yako inaizidi mashine nyingi za umeme za nyumbani, na sababu yake iko kwenye lile bati la chini ya sindano. Butterfly inashona mshono ulionyooka tu kwa hiyo kitundu cha sindano ni kidogo, kinatosha sindano basi. Mashine yenye zigizaga, yaani mshono wa kwenda kulia na kushoto, kitundu chake kimepanuliwa kulia na kushoto ili sindano ipate pa kupita, sasa shifoni ilivyo laini ikifika pale sindano inaisukuma yote inazama humo, ndo ile mtu anasema cherehani imekula kitambaa. Wewe hilo tatizo unalo kidogo tu, mwenzako wa umeme analo kubwa.

Kabla hujaulaumu mguu angalia sindano. Wengi wanashonea shifoni sindano namba 16 ileile waliyoshonea kitenge jana. Weka namba 9, ukikosa 11, na iwe mpya, maana sindano butu kwenye shifoni inavuta uzi wa kitambaa unaona mstari umekaza kutoka huku mpaka kule. Uzi uwe mwembamba wa poliesta, urefu wa mshono milimita 2 hivi. Halafu pale juu kabisa ya kichwa cha mashine, juu ya chuma kinachoshika mguu, kuna skrubu kubwa ya kuzungusha kwa vidole, hiyo ndo inaongeza na kupunguza mkandamizo wa mguu, ilegeze kidogo. Ikikaza sana meno ya chini yanatafuna kitambaa, ukiilegeza kupita kiasi kitambaa hakivutwi, kwa hiyo jaribu kwenye kipande mpaka uone kinakwenda chenyewe bila kusukumwa.

Sasa mguu wenyewe. Ugeuze uangalie chini, utaona mfereji umechimbwa kuelekea nyuma. Upana wa huo mfereji ndo upana wa upindo utakaotoka. Kwa shifoni unataka wa milimita 2, sana sana 3. Kama umeuziwa wa 6, huo sio wa mitandio, shifoni itaogelea humo ndani na upindo hautakaa.

Kile kichuma cha mbele kimejizungusha kama konokono, na kazi yake ni moja tu, kukunja kile unachokilisha. Hakipimi, hakijui umekipa kingi au kidogo. Ndo maana nikiulizwa mguu wa kupindia unafanyaje kazi nasema nusu yake ni mkono wa kulia. Ule wa milimita 3 unataka kitambaa kama milimita 7 au 8 kiingie, wa 2 unataka kama 5. Ukilisha kidogo, ncha haifiki ndani ya mkunjo wa pili, hizo ndo nyuzi zinazochungulia. Ukilisha kingi, kinajazana kinakunjika mara tatu upindo unakuwa mnene na mshono unapita pembeni. Kwa hiyo ukiona nyuzi zinaanza kutokeza sogeza kitambaa kulia kidogo ili kiingie zaidi, ukiona kinajaa rudisha kushoto, na uyafanye hayo huku unashona taratibu sio usubiri kiharibike nusu mita ndo usimame. Shika kitambaa karibu na mguu, kikiwa kimenyanyuka kidogo na ncha imeshaanza kujikunja kwenye vidole kabla haijafika kwenye chuma. Macho yawe mbele ya mguu pale kitambaa kinapoingia. Kuangalia sindano hakukusaidii kitu.

Mwanzo nao una njia yake. Usichomeke kona kavu kavu kwenye konokono ukategemea itapita. Kunja kwa pasi mara mbili sentimita 3 au 4 za mwanzo, upana uleule wa mfereji. Weka chini ya mguu bila kupitisha kwenye konokono, shona mishono mitatu minne, simamisha sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa. Nyanyua mguu, ule mkunjo ulio mbele uingize kwenye konokono kwa ncha ya sindano ya mkono au kibiriti kilichochongwa, shusha mguu, endelea. Nyuzi za mwanzo ziache ndefu kama sentimita 10 uzishike kwa nyuma uzivute taratibu huku mashine inaanza. Hapo kitambaa hakizami.

Kona hazina uchawi. Huo mguu haujatengenezwa kugeuka, ukijaribu kugeuza kona ya digrii 90 ukiwa umeshalisha utalia bure. Pinda pande mbili zinazotazamana kwanza, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kata nyuzi. Ndo uje kwenye zile mbili zilizobaki, na pale zinapokutana na upindo wa kwanza kata kijipande cha ncha kwa mshazari ili pasiwe na tabaka nyingi, piga pasi, anza kama nilivyosema. Ukikaribia mwisho, sentimita 2 hivi, simamisha sindano ikiwa chini, kitoe kitambaa kwenye konokono, kunja kwa vidole na umalizie.

Kama shifoni inateleza sana ipake wanga wa muhogo mwepesi, mwepesi hasa, uache ukauke na upige pasi ya moto mdogo. Inakuwa na nidhamu kama karatasi, na ukifua wanga unatoka. Jaribu kwanza kwenye kona moja maana kuna rangi zinaacha doa.

Fundi habari, niko Mombasa. Nina mashine ya umeme ya mtumba, kwenye kiboksi chake kulikuwa na mguu una kichuma chembamba katikati na ukuta upande wa kulia. Nimeambiwa huo unafanya kazi ya ovaloki. Nimeuweka nikashona, sindano ikavunjika. Nikabadilisha, ikavunjika tena. Sijui shida iko wapi.

Salama ndugu yangu. Acha kwanza, utamaliza pakiti ya sindano. Mguu huo ni mzima, ila umeshona mshono ulionyooka, na hicho kichuma cha katikati kiko palepale sindano inaposhukia. Inakigonga.

Mguu huo unafanya kazi na zigizaga tu, tena pana, upana milimita 5. Ncha ya kitambaa inagusa ule ukuta wa kulia, sindano inashuka mara moja ndani ya kitambaa, mara ya pili inavuka kichuma inashuka nje ya ncha. Uzi unalala juu ya kichuma, ndo kinachozuia pembeni pa kitambaa pasijikunje, maana zigizaga ya mguu wa kawaida kwenye kitambaa chepesi inakikaza kinakuwa kama kamba. Kabla hujakanyaga umeme zungusha gurudumu kwa mkono, mzunguko mzima, uone sindano inapita pande zote mbili bila kugusa chuma. Fanya hivyo kwa kila mguu usioujua, sio huu peke yake. Na ukimaliza usirudishe nyuma kufunga mshono, usikipokonye kitambaa kwa kukivuta pembeni, kivute kwa nyuma taratibu kwa sababu nyuzi bado zimekumbatia kile kichuma.

Kama ni ovaloki au sio? Sio. Ovaloki, ile mashine ya kuziba ncha za kitambaa zisifumuke, inakata huku inashona, ina uzi tatu au nne, na inakwenda kwa kasi ambayo mashine ya nyumbani haiiwezi. Mguu huu haukati, kwa hiyo nyoosha ncha kwa mkasi kwanza, toa manyuzi. Ila kwa nguo za nyumbani na za watoto unatosha kabisa, na ukiwa unashona gauni moja moja sioni sababu ya kukimbilia kununua ovaloki. Kuna kifaa kingine chenye kisu, kina mkono unaoshikwa na skrubu ya sindano, kinakata na kushona. Mimi sikipendi. Kelele nyingi, na kitambaa kikiwa kizito kinakwama.

Na mwenye Butterfly aliyesoma hapa akatamani, samahani, mashine yako haina zigizaga, huo mguu usinunue.

Shikamoo. Mimi napinda kanga nje ya duka hapa Unguja. Je mguu wa kupindia utanisaidia kwenda haraka?

Marahaba. Kwa kanga nakwambia ukweli, sidhani. Kanga unapinda pande mbili fupi tu pale ulipoikata doti, zile ndefu zina ukingo wa kiwandani hazifumuki. Ni kama mita moja na kidogo kila upande, imenyooka, na kanga mpya ina wanga wake wa dukani imekauka inakunjika kwa kucha tu. Kwa mtu ambaye mkono umezoea, muda wa kuingiza mwanzo kwenye konokono ndo muda ambao angekuwa ameshafika katikati. Ukitaka kujaribu chukua wa milimita 6, wa 2 na 3 kanga haiingii vizuri ni nzito, na sindano iwe 14. Utaona faida siku ukiletewa mzigo wa vitambaa vya meza au leso za pamba, mistari mirefu isiyoisha.

Ila pindeni kabla ya kufuliwa. Ikishafuliwa inalainika inakuwa kazi nyingine. Na mkate katikati ya ile nafasi iliyoachwa kati ya kanga mbili kwa kufuata mchoro. Kuna wanaochana kwa mkono wakisema inanyooka, inanyooka kwa kufuata uzi wa kitambaa sawa, lakini mchoro wa kanga sio kila mara umekaa sawa na uzi, unakuta pindo la chapa upande mmoja nene upande mwingine jembamba na mteja ndo hilo analoliona kwanza.

Bibi yangu ameniachia kibati kina vyuma vingi vya cherehani yake ya Singer ya zamani. Mashine yenyewe haipo tena. Naweza kuvitumia kwenye Butterfly? Au ni vya kutupa? Msomaji, Morogoro.

Kutupa tena! Hivyo vyuma vingi ni imara kuliko hivi vya sasa. Singer walikuwa wanauza mashine na vifaa vyake pamoja tangu zamani sana, kuna kisanduku chao cha mbao kinachokunjuka chote kikawa bapa, kina hati ya uvumbuzi ya 1889, ndani yake kila kidude na pango lake. Kwa hiyo haya mambo ya miguu hayakuja na plastiki za juzi.

Butterfly nyeusi ya miguu imeigwa kutoka Singer 15, na mguu wake unafungwa kwa skrubu ya pembeni. Pima hivi: shusha mguu ulio kwenye mashine, pima kutoka kwenye bati mpaka katikati ya hiyo skrubu, ikiwa sentimita 2 hivi basi mashine yako ni ya shingo fupi, na vyuma vya bibi vyenye mkato wa pembeni na urefu huo vitakaa. Vyenye urefu wa sentimita 3 ni vya mashine ya shingo ndefu, vingi vya viwandani, weka pembeni. Kuna Singer chache za zamani ambazo mguu unafungwa kwa nyuma badala ya pembeni, hivyo navyo havitaingia hata ulazimishe na bisibisi.

Kwenye kibati kama hicho mara nyingi utakuta vya kupindia vya upana tofauti, kile cha kukunja marinda, na kimoja chenye mdomo kama faneli kilichopasuliwa pembeni. Hicho cha faneli ndo cha kuanza nacho. Kinakunja mkanda na kuufunga pembeni mwa kitambaa kwa mshono mmoja, kwenye shingo na makwapa ya gauni la watoto unatoka safi kuliko ovaloki. Mkanda ukate mshazari sio wima, vinginevyo kwenye duara hautageuka. Kwa vingi vya aina hiyo upana ni kama sentimita 2.5, ila visanduku vinatofautiana, pitisha kipande cha karatasi kwanza uone kinakunjika kiasi gani, na ncha ya mkanda ichonge iwe kali ndo iingie.

Vikiwa na kutu, loweka kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, sugua na mswaki wa zamani, kausha kabisa, halafu shonea matambara mpaka yasitoke na alama ndo ulete kitambaa cha mteja.