Picha za anga ukiwa Dar: darubini isubiri kwanza

Mimi nilianza kinyumenyume. Sijui hata kufokasi nyota, nikajichanga kununua kifaa cha kuzungusha kamera ifuate mwendo wa anga. Maelekezo yake: kielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo anga huonekana kuizunguka. Nikapanda kivuko hadi Kigamboni, nikaenda mpaka Kimbiji, nikahangaika usiku kucha. Sikuiona, na nisingeiona: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo kwetu haichomozi kamwe. Ncha ya kusini ya anga nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, kwenye ukungu wa pwani, na nyota inayoiashiria, Sigma Octantis, ni hafifu mno.

Kwa hiyo kifaa hicho kiache dukani. Kamera ya kawaida, lenzi ya milimita 50 na stendi isiyotikisika vinatosha. Fokasi kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye kioo, zungusha pete mpaka iwe kitone kidogo kabisa. Kila picha sekunde 5, maana ukizidisha sana nyota zinakuwa mistari. Piga 300, jumla dakika 25, kisha funika lenzi upige nyingine 20 za giza tupu ili kasoro za kamera zenyewe zijulikane. Siril, programu ya bure ya kompyuta, itazirundika ziwe picha moja. Chengachenga za kamera hubadilika picha hadi picha, hivyo hufifia. Mwanga wa kweli unabaki.

Anza na Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi angani, Januari au Februari. Wenzetu wa Uingereza wanaipata chini chini upande wa kusini. Hapa inapita karibu na utosi, kwenye hewa nyembamba kabisa. Nebula ya Carina ni nzuri pia, ila saa zake nzuri zinaangukia masika, basi vumilia mawingu.

Na usiiweke kamera kwenye gari lenye kiyoyozi! Ukiitoa tu, lenzi inapata jasho, unakaa nusu saa unasubiri.

Jambo jingine, wenyeji wape taarifa mapema. Mzee mmoja alinimulika tochi usoni: "Kijana, unapiga picha nini gizani?" Nikamwamkia, nikamwonyesha kioo cha kamera. Akakitazama muda.

"Hiki si Kilimia?"

"Ndicho, mzee, kile kikundi cha nyota."

"Mbona sisi tulikuwa tunahesabu sita tu?"