Jibu kwa mama wa watoto wa miaka 4 na 7: jiandae kwa maswali yao

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeeleza kwamba watoto wako hurudi kutoka shule ya Jumapili wakiwa na nyimbo na aya za kukariri, lakini nyumbani hujui pa kuanzia, na ibada ya jioni uliyoianzisha imekuwa ugomvi wa kuwakalisha chini. Umeuliza pia ufanyeje kwa kuwa baba yao hurudi usiku wakiwa wamelala. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mimi, mama wa watoto watatu hapa Moshi, ambao mkubwa wao sasa yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara.

Ibada yangu ya mwanzo ilikuwa kama yako. Nilisoma sura nzima, nikaieleza, nikauliza maswali, na kabla sijafika katikati mdogo alikuwa amelala na wakubwa wanasukumana. Kilichonigeuza ni kuisoma upya Kumbukumbu la Torati 6. Wengi wetu tunaujua mstari wa 7, unaotuagiza kuyanena maneno ya Mungu “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Mimi nilikuwa naishia hapo, nisiufikie mstari wa 20, ambapo mtoto ndiye anayeuliza na mzazi anajibu. Ni vivyo hivyo katika Kutoka 12:26 kuhusu Pasaka, na katika Yoshua 4, ambapo mawe 12 yalitolewa mtoni Yordani yakasimamishwa ili watoto wayaone na waulize maana yake. Wazazi wale waliagizwa wawe tayari kwa swali. Tangu hapo nilipunguza kuandaa somo, nikaanza kujizoeza kusikiliza nikiwa jikoni, njiani na kitandani kwa watoto.

Sisi Walutheri tuna msaada ambao tunauacha kabatini hadi mtoto afike umri wa kipaimara. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, alikusudia mkuu wa nyumba aitumie kuwafundisha watu wa nyumbani kwake, na swali linalorudiwa humo ni fupi sana: maana yake ni nini? Siku moja tulikuwa tunachambua mchele kwenye ungo, na mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka 5, akaniuliza kwa nini tunamwomba Mungu riziki ilhali mchele baba ameununua dukani. Nilimuuliza mwenye duka aliutoa wapi. Tukarudi nyuma pamoja, kwa dereva aliyeupakia, kwenye mashine ya kukoboa, kwa mkulima wa Chekereni, kwenye maji ya mto yanayoingia majaruba, hadi mvua inayonyesha mlimani. Alipofika kwenye mvua alinyamaza, kisha akasema hapo ni Mungu peke yake. Nikamwambia kwamba Mungu alikuwapo hata mikononi mwa dereva na mkulima, kwa maana Luther, akieleza ombi la riziki katika Sala ya Bwana, anataja chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo, watawala wema, hali njema ya hewa na majirani waaminifu. Jioni hiyo mtoto aliwaombea watu wa mashine ya kukoboa, bila kuelekezwa na mtu.

Kuna jambo ambalo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema, nalo ni kwamba mtoto humjua Mungu pia kupitia maneno tunayoyatamka tukiwa na hasira. Nilikuwa na mazoea ya kusema, “Mungu anakuona, atakuchapa,” kila mtoto alipodanganya au kudokoa sukari, na niliona ni malezi ya Kikristo. Binti yangu alipokuwa na miaka 6 aliugua malaria, na usiku wa manane, mwili ukiwaka homa, akaniuliza, “Mama, Mungu ananichapa kwa sababu ya ile sukari?” Sitalisahau swali hilo. Nilimweleza kwamba malaria huletwa na mbu, na kwamba dawa aliyokunywa ni msaada tunaomshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha nikamsimulia Yohana 9, wanafunzi walivyomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu azaliwe kipofu, na Yesu akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Nikamwambia kwamba mimi mama yake nilikuwa nimemsema Mungu vibaya, nikamwomba msamaha.

Haikuisha usiku ule. Kwa miezi kadhaa, akijikwaa au akiumwa tumbo, alinitazama kwanza usoni kama anayetafuta jibu, nami nililirudia bila kuchoka. Msemo ule tuliuondoa nyumbani kabisa, nikamweleza kwa upole dada anayetusaidia kazi, na hata mama mkwe, ambaye alinisikiliza kwa muda mrefu akasema na yeye alikuzwa nao. Kwa hiyo nakusihi, dada, kabla ya kutafuta vitabu vya hadithi, yachunguze maneno unayoyasema mtoto anapokosea.

Ibada ya jioni usiifute. Yetu sasa ni wimbo mmoja, aya moja na sala ambayo kila mtoto huomba kwa maneno yake, na haizidi dakika 10. Wakiuliza jambo nisilolijua, nalisema hivyo, na Jumapili tunamuuliza pamoja mwinjilisti.

Kuhusu baba yao, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na hukaa safarini hata wiki tatu. Tulikubaliana kwamba kila anapopumzika Tunduma akisubiri kuvuka mpaka, atapiga simu saa moja jioni, naweka spika mezani, na watoto humweleza kilichotokea siku hiyo kabla hajawaombea. Mara ya kwanza mdogo alimuuliza kama Mungu yupo hata Tunduma. Mumeo anayerudi usiku anaweza kuichukua saa ya asubuhi, wanapovaa viatu, au ile njia ya kuwapeleka shuleni, ambako kwa uzoefu wangu watoto huuliza kuliko wanapokuwa wamekalishwa kitako.