Baba aliugua saratani ya utumbo, niache muchomo (nyama choma)?

Pole kwa mzee, ndugu. Muchomo punguza tu, ila kama unakula soseji kila asubuhi, hizo ndo uachane nazo, WHO toka 2015 inasema nyama zilizosindikwa kiwandani, kama hizo soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, gramu 50 kila siku hatari inapanda kama 18%. Maharage, kalo (ugali wa ulezi) na mboga za dodo (mchicha) kula kwa wingi, bakteria wa tumboni wanachachua zile nyuzinyuzi za vyakula hivyo wanatoa butireti, aina ya asidi ambayo ndo chakula cha seli za utumbo (Burkitt, aliyekuwa daktari hospitali ya Mulago, Kampala, alishasisitiza sana mambo ya nyuzinyuzi). Lakini msosi peke yake hautoshi, we una damu ya mzee, kapimwe utumbo kwa kamera ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye kama huo unatangulia. Na ukiona damu chooni usikubali kuambiwa ni bawasiri tu bila kupimwa.