Puti haitibu kutu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, aliniachia marehemu baba. Nakaa Tanga, karibu na bahari. Bodi imetoboka juu ya tairi la nyuma. Jirani anasema nijaze puti, nipige rangi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Jirani anakutakia mema, ila usimsikilize. Puti hunyonya unyevu. Kutu itaendelea kula chinichini na rangi itafura kama andazi.

Chukua bisibisi, gongagonga kuzunguka tundu. Panapobonyea pameoza, hata kama rangi inang'aa. Kata kwa grenda mpaka ukute chuma kizima, halafu tengeneza kiraka cha shiti ya chuma ya geji 18, pembe zake ziwe za mviringo. Bati la kuezekea hapana: moshi wa zinki yake ni sumu. Chomoa betri, shusha tangi la mafuta. Chomelea nukta nukta, huku na kule, uache papoe. Ukivuta mshono mrefu kwa mkupuo bodi itajipinda, na kuinyoosha ni kazi nyingine. Puti sasa ruksa, nyembamba, ya kusawazisha tu.

Usisahau upande wa ndani. Kwa kawaida kutu ya hapo huanzia kwenye matope yaliyorundikana nyuma ya tairi. Kwangua, osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka praima ya zinki.