Maswali ya Wasomaji: Je, Halmashauri Inaweza Kupatana na Wenyeji Asilia?

SWALI: Kwa Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, mkazi wa Ipogolo, Iringa. Binti yangu anayesoma Melbourne, Australia, ameniarifu kwamba vikao vya baraza la madiwani la jiji hilo hufunguliwa kwa kuwataja kwa heshima wazee wa Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa nchi hiyo, na kwamba baraza lina mpango rasmi wa maridhiano nao. Halmashauri inayohangaika na taka, masoko na barabara imepata wapi mamlaka ya kupatana na watu waliodhulumiwa na dola nzima? Na ahadi hiyo ina uzito gani baada ya wananchi wa Australia kusema hapana katika kura ya maoni ya mwaka 2023?
Mwalimu mstaafu, Ipogolo

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Shaka yako ina msingi, kwa maana dhuluma kubwa kuliko zote hazikuamuliwa na madiwani. Watoto wa Waaborijini walionyang'anywa wazazi wao, tangu takriban mwaka 1910 hadi miaka ya 1970, walichukuliwa kwa sheria na sera za serikali, ndiyo maana aliyesimama bungeni kuomba radhi tarehe 13 Februari 2008 alikuwa Waziri Mkuu Kevin Rudd, wala si meya yeyote. Haki ya ardhi nayo ilitambuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika kesi ya Mabo, tarehe 3 Juni 1992.

Hata hivyo, halmashauri inashika mambo ambayo mwananchi hukutana nayo kila siku: majina ya mitaa, bustani, sanamu, ajira na zabuni. Chukua jiji hilohilo la binti yako. Tarehe 20 Januari 1842, Tunnerminnerwait na Maulboyheenner, wanaume wawili wenyeji wa Tasmania, walinyongwa hadharani mjini Melbourne kwa kosa la kuwaua wavua nyangumi wawili, katika zama ambazo ushahidi wa Mwaborijini haukupokelewa mahakamani. Hao ndio watu wa kwanza kunyongwa hadharani katika mji huo, na kwa zaidi ya miaka 170 watu walipita hapo pasipo alama yoyote ya kuwakumbuka. Mwaka 2016 kumbukumbu yao ilizinduliwa karibu na mahali penyewe, kwa kazi iliyoagizwa na Halmashauri ya Jiji. Jambo kama hilo halihitaji idhini ya bunge, linahitaji madiwani walioamua na fungu katika bajeti. (Nasi tunaopita Lugalo tunauona mnara uliojengwa kwa ajili ya Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na askari wake walioangushwa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891, hivyo swali la nani anajengewa mnara si geni kwetu.)

Kuhusu mpango wenyewe wa maridhiano, mipango ya aina hiyo ilianza mwaka 2006 chini ya taasisi iitwayo Reconciliation Australia, ambayo huipitia na kuiidhinisha kwa ngazi nne, kuanzia ya taasisi inayojifunza hadi ya taasisi inayoongoza wengine. Si sheria, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: baraza likizembea, hakuna mahakama itakayolibana kwa sababu ya mpango huo peke yake. Kwa maoni yangu, maneno ya kufungulia kikao ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, na anayetaka kulipima baraza asianzie hapo. Wewe unakumbuka kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kukabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lakini fuvu lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Gavana Twining. Muda ulikuwa umeandikwa. Asiyekuwapo alikuwa mtu wa kuulizwa muda ulipopita.

Kura ya tarehe 14 Oktoba 2023 ilihusu kuweka ndani ya katiba chombo cha kuwasilisha sauti ya wenyeji asilia mbele ya bunge na serikali. Takriban asilimia 60 ya wapiga kura, pamoja na majimbo yote sita, walikataa. Matokeo hayo hayakufuta mpango wa halmashauri yoyote, kwa kuwa mipango hiyo haikutegemea katiba. Kisiasa yalitikisa: zipo halmashauri zilizopiga kura kuacha tamko la kufungulia vikao, na nyingi zikaendelea kama kawaida. Kila uchaguzi wa madiwani unaweza kugeuza mambo upande wowote.

Mwambie binti yako kwamba mipango hiyo hutangazwa wazi. Aisome na kutazama kila ahadi imepewa tarehe gani na afisa yupi anayewajibika, kisha aangalie ni Waaborijini wangapi walioajiriwa na kampuni zao zilipata zabuni zipi. Akishazipata takwimu hizo, tuandikie tena.