Jibu: Kwa nini modeli yangu inarushwa hovyo na upepo?

Mkuu, umeuliza kwa nini modeli yako ya kadibodi inapeperushwa na feni wakati ndege halisi ikipigwa na upepo wa ghafla inatikisika tu. Shida ni uzito na kasi. Ukipunguza urefu mara 16, ili modeli itikisike kama ndege halisi, kasi ya ndege na ya upepo lazima ishuke mara 4, na uzito mara 4,096. Yaani ndege ya tani 20 inakuwa modeli ya karibu kilo 5. Yako sidhani kama inafika hata nusu kilo!

Halafu feni inapuliza mfululizo, na wewe modeli umeifunga kwa uzi. Kule maabara ya Langley, Marekani, wahandisi wa NACA (shirika la utafiti wa ndege lililotangulia NASA) tangu miaka ya 1930 walikuwa wanafyatua modeli kwa manati, inapita yenyewe kwenye mkondo wa hewa unaopanda kutoka chini, na kifaa kilicho ndani kinarekodi mshtuko. Haikushikwa na kitu, maana ndege ikipigwa na upepo huo hupanda nao kidogo, na mzigo kwenye mabawa unapungua. Ukiifunga, unapima kitu kingine.

Bandika sarafu kwenye modeli karibu na kitovu cha uzito (pale inapokaa sawa ukiiegemeza), laza feni itazame juu, kisha irushe modeli ipite juu yake. Ianze kwa mbali, isije ikaangukia mapanga ya feni.